Droni Isiyokubali Kusimama

Jumatatu, 7 Julai 2025

Panda, Likasi. Baridi ya kiangazi, vumbi, upepo kutoka upande wa Kakontwe. Saa tatu asubuhi historia imefika nyumbani kwetu ndani ya mfuko wa zamani wa saruji.

Ndani ya mfuko: droni ya binamu yangu Michée, mpiga picha wa harusi, ambaye ameacha kazi hiyo na kuhamia Kolwezi. Ujumbe wake wa sauti unasema niichukue, niitupe, nifanye nipendavyo. Haisimami hewani. Ukiiachilia huanza kuelea, kisha huzunguka, kisha huondoka. Mwezi wa nne aliirusha kutoka juu ya gari la maarusi, kama alivyozoea, ikaenda kutua ndani ya keki. "Divin, kile kitu kiko na pepo," ndivyo alivyomaliza.

Pepo! Chombo kile hakina pepo. Kimekosa uongozi.

Nieleze jambo lenyewe. Jumamosi saa tisa alasiri Kamati ya Wanafunzi wa Panda itachagua mwenyekiti. Tupo wanachama kumi na mmoja. Mimi, Divin Kitenge, mwaka wa tatu sayansi ya siasa huko Lubumbashi, ndiye mwasisi, mwenyekiti na mwandishi wa katiba yenye ibara arobaini. Mgombea mwingine ni Gauthier. Gauthier huandika barua za adabu. Tangu mwezi wa tano anamwomba mwenye ule ukumbi mtupu wa njia ya pili kutoka kwetu atuazime tuufanye chumba cha kusomea. Yeye huomba, mimi hudai. Tofauti hiyo ni kubwa, ingawa hadi leo ukumbi umefungwa kwetu sote wawili.

Na kwa kuwa shajara haina wapinzani, niandike ukweli. Katika mikutano mitatu ya mwisho iliyofanyika kwenye kiwanja chetu walikuja saba, kisha wanne, kisha katibu wetu Sephora peke yake, naye alikuja kurudisha kitabu. Nikishindwa Jumamosi, hakuna atakayekuwa na sababu ya kufungua lango letu tena.

Kwa hiyo: droni itapaa juu ya mkutano ikiwa na bendera. Itawapiga picha wote kutoka juu, wakiwa wamoja, wakiwa umma. Mtu akishajiona ndani ya umma hatoki.

Zimebaki siku tano. Zinatosha.

Jumanne, 8 Julai

Jaribio la kwanza. Kama inavyostahili, nimelifanyia juu ya Bamba.

Bamba ni kipande cha chuma kinene, urefu wa mlango, kilichofunika shimo la mashine katika karakana za zamani za mgodi. Marehemu baba alilipata siku alipostaafu, wakalileta watu sita. Hapa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi kila nyumba ina chuma chake: huyu ana reli iliyogeuzwa nguzo, yule ana mlango wa tanuri uliogeuzwa benchi. Sisi tuna Bamba. Baba alikaa juu yake kila jioni akivua viatu. Mimi husimama juu yake kuhutubia.

Simu inaelekeza kwamba kabla ya kuruka, dira ya droni isawazishwe: uizungushe ikiwa imelala, kisha ikiwa imesimama wima, ili ijue kaskazini iko wapi. Nimetii. Nimeiweka juu ya Bamba, nikainama, nikaizungusha. Taa ya kijani. Nimewasha mota.

Imepaa hadi usawa wa mabati. Kwa sekunde nne ilisimama. Sekunde nne za fahari. Kisha ikaanza kuelea kulia, taratibu, kama mtu anayetoka kanisani bila kutaka kuonekana. Ikazunguka. Duara dogo, duara kubwa, duara lililokaribia kamba ya nguo.

Mama Germaine, mzazi wangu, alitoka jikoni. Aliuliza nilikuwa nikiongea na nani kwa sauti kubwa hivyo. Nikamweleza kwamba nilikuwa nafanya mazoezi ya kuhutubia umma. Akaangalia kiwanja chote, mpaka nyuma ya pipa la maji. "Umma iko wapi?" akauliza, kisha akaanza kuanua shuka zake.

Uchunguzi wangu: upepo.

Jumatano, 9 Julai

Leo upepo haukuwepo hata wa kutikisa jani la muhogo. Droni imezunguka vilevile. Upepo umeondolewa lawama.

Nimepitia watuhumiwa mmoja mmoja. Helisi, yaani yale mabawa manne yanayozunguka: nimezipima juu ya sindano ya mama, moja ina uzito kidogo upande mmoja, nimeibandika kipande cha utepe wa gundi. Betri: nimeisogeza katikati. Droni imezunguka.

Baadaye nikafungua ukurasa wa mipangilio, ambako kuna kiwango kinachoamua droni ipambane kwa ukali kiasi gani inaposukumwa. Kilikuwa hamsini. Hamsini! Nusu nusu, kama barua za Gauthier. Nikakipandisha hadi themanini. Droni ikapaa ikitetemeka mwili mzima, ikalia kama mbu mwenye hasira, na kuzunguka huku inatetemeka. Nikashusha hadi thelathini. Ikalegea, ikapepesuka, ikazunguka kwa uvivu. Nikarudisha themanini. Afadhali anayetetemeka akipigana.

Mwisho nikaamuru iegemee kushoto daima, ili kufidia ule mwelekeo wa kulia. Katika nusu ya kwanza ya duara ilitii kwa namna ya kupendeza. Katika nusu ya pili, ambapo kulia kumekuwa kushoto, ilikimbia mara mbili zaidi.

Papa Stanislas, jirani yetu, alikuwa akitazama kutoka upande wake wa ua tangu asubuhi. Mzee huyu alibeba vijiti vya wapimaji wa mgodi kwa miaka thelathini. Aliniita, akasema jambo ambalo nalinukuu kwa ajili ya wachunguzi wa fikra za kale, dira akiiita boussole: "Mwana, sisi na ba-topographe, hata mukanda ya chuma tulikuwa tunaacha mbali. Boussole haipende chuma. Weka ile ndege yako kwa majani."

Nikamshukuru kwa heshima, kisha nikamweleza, kwa dakika kama ishirini, kwamba chombo kilichotengenezwa karne hii hakiongozwi na woga wa karne iliyopita. Kwamba Bamba si chuma tu bali ni ushahidi wa jasho la wafanyakazi. Kwamba kuanzia majanini ni kukana asili yetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ni sawa, lakini boussole haijasoma historia. Kisha akarudi kwenye bustani yake ya kabichi.

Nimeandika jibu lake hapa. 

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya pekee. Niiandike kwa utulivu.

Mama alinifukuza kiwanjani kwa sababu alikuwa akianika mihogo na hakutaka iingie vumbi la mabawa. Nikabeba droni hadi uwanja wa mpira. Njiani nikakutana na Sephora, katibu wa Kamati, akitoka kununua mkaa. Aliuliza ninakokwenda. Nikamwambia ni operesheni ya siri. Akasema basi ningeifunika. Kisha akaweka mkaa wake chini ya goli na kukaa.

Yeye alishika simu akasoma maelekezo kwa sauti, mimi nikazungusha droni katikati ya uwanja, juu ya nyasi kavu. Akanisahihisha mara mbili. Aliona pia ukurasa wa mipangilio, akauliza nani ameweka themanini, na bila kungoja azimio akarudisha hamsini. Akaondoa na ile amri ya kuegemea kushoto. Nilitaka kupinga. Sijui kwa nini sikupinga.

Ilipaa. Ikasimama.

Haikuelea, haikuzunguka. Ilisimama hewani kama taa iliyotundikwa kwenye dari, dakika moja, mbili, tano. Sephora aliondoka chini yake, akarudi, akatembea kuizunguka yeye mwenyewe, akicheka, akisema leo ni zamu ya watu kuzunguka. Kwenye kioo cha rimoti nilituona wote wawili kutoka juu: vichwa viwili, vivuli viwili virefu, gunia la mkaa. Nimetoa hotuba nyingi maishani. Dakika zile sikukumbuka hata moja.

Betri ilipokaribia kwisha Sephora akauliza kwa nini Jumamosi tusikutane hapahapa uwanjani. "Hapa inasimama bien. Na watu watakuya, ni karibu na barabara. Kwenu banaogopa discours." Alizitaja hotuba zangu bila ubaya, akipangusa vumbi la mkaa mikononi.

Nikamweleza kwamba makao makuu ya Kamati, kwa mujibu wa ibara ya pili, ni Bamba. Kwamba kiongozi hahamishi makao makuu kwa kufuata matakwa ya mashine. Niliendelea kidogo. Nilipofika kwenye wajibu wa kihistoria, alikuwa ameshanyanyua gunia lake. Alisema mkaa unangojewa nyumbani.

Nilibaki uwanjani mpaka kioo kilipozimika.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetafakari usiku na nimefikia hitimisho la kisayansi. Kwa nini droni ilitulia uwanjani? Kwa sababu uwanja hauna itikadi. Hakuna kinachodaiwa pale, kwa hiyo hakuna cha kupambana nacho. Utulivu wa namna hiyo hauna thamani.

Jambo la pili: dira yake sasa imezoea uwanja wa mpira. Inatambua kaskazini ya wacheza mpira. Mapema asubuhi nimeirudisha juu ya Bamba na kuisawazisha upya, mara tatu mfululizo, ili itambue nyumbani ni wapi. Ukali nimeupandisha hadi themanini na tano. Nimekataa kuijaribu hewani, ili isichoke.

Bendera iko tayari: nusu ya shuka, maandishi ya rangi nyekundu, UMMA HAUYUMBI. Rangi iliisha kabla ya herufi ya mwisho, nimeimalizia kwa mkaa.

Adhuhuri Gauthier alipita langoni. Aliniambia yeye na Sephora wamezunguka nyumba kwa nyumba kuwakumbusha wanachama, na wote wamekubali kuja kwetu. Akauliza kama nahitaji msaada wa kubeba benchi. Ujanja wa wazi: anataka kuhesabu benchi zangu. Nikamjibu kwamba Kamati ina benchi za kutosha. Tunayo moja.

Mama ameuliza watu wangapi kesho. Nikamwambia kumi, na mimi. Amekwenda sokoni kununua unga.

Jumamosi, 12 Julai, saa kumi na mbili jioni

Nitaandika matukio kwa mpangilio, kama yatakavyohitajika na wanahistoria.

Saa tisa kamili: wamekuja. Wote kumi! Wamekaa kwenye benchi, kwenye matofali, juu ya ndoo zilizogeuzwa. Sijaona kiwanja chetu kimejaa hivyo tangu kilio cha baba. Moshi wa jiko, harufu ya sombe ya majani ya muhogo, mama akipita na vikombe. Nilipanda juu ya Bamba. Nikahutubia kwa dakika thelathini na tano.

Saa tisa na dakika thelathini na tano: urushaji. Droni ikapaa ikitetemeka kwa ushujaa, bendera chini yake. Wanachama wakapiga makofi. Niliona kwenye kioo vile nilivyoota: vichwa kumi vimeinuliwa, na mimi katikati, juu ya chuma cha baba yangu.

Sekunde nne.

Kisha ikaelea kulia. Nikasukuma kushoto. Ikazunguka. Duara la pili lilipita juu ya benchi na wote wakainama pamoja, kwa nidhamu ambayo sijawahi kuipata kwa maneno. Duara la tatu likavuka ua wa Papa Stanislas, ambaye alisimama katikati ya kabichi zake akatazama juu, akakaa tena. Duara la nne halikurudi. Ilikwenda na bendera yake hadi njia ya pili, nikasikia mlio wa bati, mbali.

Wote kumi wakakimbia kuitafuta. Gauthier mbele. Mimi nilibaki na rimoti mkononi, maana rubani haachi kituo chake.

Kioo kilikuwa hai bado. Droni ilikuwa imekwama kwenye ukingo wa paa, jicho likitazama chini kwenye kiwanja kitupu. Niliitambua baraza ile: ule ukumbi wa barua za Gauthier. Wakaingia wanachama, wadogo, kutoka juu. Akatoka mwenye ukumbi, kofia kichwani, akaonyesha paa kwa hasira. Gauthier akainamisha kichwa, akasema jambo, akaendelea kusema. Mzee mwenye kofia akavuka mikono. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, alikuwa akicheka. Akaingiza mkono mfukoni, akampa Gauthier kitu kidogo. Wakarukaruka.

Baadaye wakakaa kwenye ngazi. Gauthier akasogea pembeni. Na mikono ikaanza kunyanyuka. Mmoja, miwili, sita, minane. Mikono minane kuelekea juu, kuelekea kwenye jicho langu! Niliwapungia mkono kutoka juu ya Bamba. Nilidhani wanataka kuishika droni waishushe. Sephora alikuwa amekaa ngazi ya chini, mikono magotini. Alitazama juu, moja kwa moja kwenye jicho la droni, muda mrefu. Kisha naye akanyanyua wake, taratibu.

Betri ikaisha.

Niliwangoja kiwanjani. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Mama aliuliza kama apakue. Nikamwambia wako njiani.

Saa kumi na moja alikuja Gauthier peke yake, droni mikononi, ameipangusa, bendera ameikunja. Helisi moja imevunjika. Alisema wote walijikuta pale, na kwa kuwa ibara ya sita niliyoiandika mwenyewe inasema mkutano upo walipo wengi, wakaona wamalize kura palepale. Kura tisa; yeye mwenyewe hakupiga. Alisema samahani, prezida. Bado ananiita hivyo. Akaongeza kwamba mzee ametoa ufunguo, na kwamba bila droni kupiga bati lile mzee asingetoka nje.

Nikampongeza kwa hotuba fupi. Hakuketi kula. Kule ukumbini walikuwa wakimngoja.

Mama alikuwa amesonga bukari ya watu kumi na mmoja. Alileta sahani mbili na kukaa kando yangu juu ya Bamba, jambo ambalo hakulifanya tangu baba afariki. Tulikula. Nilipoanza kumweleza kasoro za ibara ya sita, aliniongezea sombe. "Kula, papa," alisema, akiniita kama nilipokuwa mtoto. "Kula kwanza."

Jumapili, 13 Julai

Nimeamka na fikra safi.

Kwanza: ushindi. Ukumbi umepatikana kwa operesheni ya anga iliyoanzia makao makuu chini ya amri yangu. Barua za Gauthier ziligonga mlango ule miezi miwili. Droni iligonga mara moja. Hili halina mjadala.

Pili: kura ya jana ni batili, kwa kuwa mgombea mmoja alikuwepo kwa njia ya picha tu.

Baada ya ibada Sephora alikuja langoni. Hakuwa amebeba kitabu cha kurudisha wala mkaa. Alikuwa na ufagio. Alisema wanasafisha ukumbi leo, kuna vumbi la miaka, na madawati manne ya kutengeneza. "Divin, miye pia nilinyoosha mukono. Nilikuwa wa mwisho, lakini nilinyoosha. Sikukuya kukuficha." Kisha akasema kuna kiti changu kule, karibu na dirisha, Gauthier mwenyewe amekiweka. "Unakuya ao haukuye?"

Moyo ulinipiga kwa namna ambayo haihusiani na siasa. Nilitaka kusema nakuja. Nilifungua mdomo ili niseme nakuja. Lakini mwenyekiti aliyepinduliwa haendi kufagia bila masharti, wangedhani nimekubali. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikaketi, nikatoa karatasi, nikaanza kuandika masharti ya kurejea kwangu. La kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nikiyasoma kwa sauti ili asichoke. Alikaa ameegemea lango. Kwenye sharti la tano alisema wanamngoja. Kwenye la saba sikusikia kitu. Nilipoinua kichwa kwenye la kumi na mbili, lango lilikuwa wazi na njia ilikuwa tupu.

Si kitu. Masharti yamekamilika, kurasa tatu, mwandiko mzuri.

Sauti zao zinafika hapa. Wanahamisha madawati, kuna anayeimba, kuna wanaomcheka. Kutoka Bamba hadi mlango ule ni hatua mia mbili. Papa Stanislas ameita kutoka bustanini, akauliza kwa nini siendi na miguu.

Nimemjibu kwamba barua rasmi haitembezwi kwa miguu. Helisi nimeibadilisha, dira nimeisawazisha juu ya Bamba, mara tano, na ukali nimeupandisha hadi mia moja. Masharti nimeyafunga kwa uzi mahali pa bendera. Betri inajaa. Watayapokea kutoka angani kabla hawajamaliza kufagia, na kiti cha dirishani wasimpe mtu.